Kabla ya kununua pistoni



Juma hili nawaomba radhi wale waliozoea kunisikia nikizungumzia foleni za barabarani, bei ya sukari na mambo ya halmashauri. Leo nimeamua kuzungumzia injini. Wala si injini ya meli au ya treni, bali injini ndogo ya pikipiki ya porini, ile inayotoa moshi wa samawati na kulia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ni injini ya mapigo mawili, ambayo mafundi wetu huiita tustroki. Nina sababu ya kuizungumzia, na sababu yenyewe ni mtulinga wa mpwa wangu, uliovunjika mwezi Februari mwaka 2019, na ambao kwa sehemu kubwa naamini niliuvunja mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kochi hapa Dar es Salaam.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 175. Wasikilizaji wa umri wangu wanaijua. Miaka ya 1980 na 1990, ukimwona bwana shamba, mganga wa zahanati au padre wa kijijini akiibuka katikati ya vumbi, mara nyingi alikuwa juu ya DT au mojawapo ya ndugu zake. Ni ndefu, matairi yana meno, ekzosti imepandishwa juu isigonge mawe, na injini yake ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuikumbatia na kuipandisha mezani. Mimi niliinunua mwaka 1996 ikiwa imeshatumika. Niliiendesha mpaka magoti yaliponikatalia, na mwaka 2014 nikampa mpwa wangu, ambaye ni bwana mifugo wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Kazi yake ni kuchanja ng'ombe na kutibu mbuzi katika vijiji ambavyo basi haliendi. Bila pikipiki, kijana huyo ni bwana mifugo wa mezani tu.

Mwishoni mwa mwaka 2018 alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Pikipiki imekamata." Maana yake pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda na injini ikasimama ghafla. Mimi, kama mtu mzima ajuaye kila kitu, sikuuliza maswali mengi. Nikamwambia ampelekee fundi, aweke pistoni mpya na ringi zake, mimi nitatuma fedha, na kazi ifanyike upesi kwa sababu msimu wa chanjo ulikuwa umekaribia. Fundi akafanya kama alivyoagizwa. Simlaumu hata kidogo. Aliyetoa amri ni mwenye fedha.

Lakini kuna jambo mpwa wangu alikuwa ameniambia miezi miwili kabla ya hapo. Alisema: "Mjomba, siku hizi inajiongeza moto yenyewe. Nikiachia akselereta, mlio unakawia kushuka." Nami nikamjibu kwamba hilo ni dogo, ashushe ile skrubu ya kabureta. Akaishusha, mlio ukatulia, tukasahau. Naikumbuka sana sentensi ile kwa sababu ugonjwa wote wa injini ulikuwa ndani yake, na mimi niliuzima kwa bisibisi kama mtu anayezima kengele ya moto ili apate kulala.

Pistoni mpya haikumaliza majuma saba. Alikuwa amepanda mlima mrefu, akafika juu, akaachia akselereta kabisa na kuanza kuteremka huku injini ikivutwa na gurudumu. Katikati ya mteremko injini ikakamata tena. Sasa injini ya pikipiki imefungamana na gurudumu la nyuma kwa mnyororo, na injini ikiganda, gurudumu nalo linaganda pale pale. Pikipiki ikateleza upande, naye akaangukia bega. Sanduku la chanjo likafunguka na barafu ikamwagika barabarani. Wachungaji ndio waliomwokota.

Nilipokwenda kumwona hospitalini, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, jambo la kwanza alilouliza ni kama pikipiki imepona. Nikaona haya. Pikipiki ikaletwa Dar es Salaam juu ya lori la mpunga, na yeye mwenyewe akaja siku chache baadaye kukaa kwangu mpaka mfupa uunge. Tukakubaliana kwamba safari hii injini tutaifungua wenyewe, uani, chini ya mwembe, wala hatutanunua hata ringi moja mpaka tujue ni nini kilichoiua ile ya kwanza. Yeye alikuwa na mkono mmoja na macho mazuri. Mimi nilikuwa na mikono miwili na miwani. Tukichanganywa, tulikuwa fundi mmoja kamili.

Hapa inanibidi nieleze kidogo injini hizi zinavyofanya kazi, maana bila hivyo mtanisikiliza bure. Injini ya gari lako ni ya mapigo manne. Inavuta hewa na petroli, inabana, inawaka, kisha inatoa moshi, na ina vali za kufungua na kufunga milango. Injini ya mapigo mawili haina vali hizo. Silinda yake imetobolewa matundu ubavuni, na pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayoyafungua na kuyaziba. Kwa hiyo kila pistoni inaposhuka, imeshuka kwa nguvu ya moto. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, moto unawaka mara 100 kwa kila sekunde moja, ndani ya chumba ambacho ngumi ya mtoto inaweza kukijaza.

Je, ile hewa yenye petroli inaingiaje? Jibu lake ni la Mwingereza mmoja, Joseph Day, wa mji wa Bath, ambaye alipata hataza yake mwaka 1891. Alitumia tumbo la injini, yaani kile chumba cha chini ambamo krenki inazunguka, kama pampu. Pistoni ikipanda, tumbo linavuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, inaibana ile hewa tumboni, na tundu la silinda likifunguka hewa hiyo inaruka juu, inausukuma moshi nje, na kukaa tayari kwa kuwashwa. Baadaye Wajerumani wa kampuni ya DKW wakaboresha njia za hewa hiyo, na pikipiki yao ya RT 125 ikawa nzuri kiasi kwamba baada ya vita vya pili vya dunia kila mtu aliinakili: Waingereza, Warusi, Wamarekani, na Wajapani pia. Pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, iliyotoka mwaka 1955, ilifuata kielelezo hicho hicho. Kwa hiyo chuma kile cha uani kwangu kilikuwa na ukoo mrefu.

Lakini jambo la kushika ni moja: tumbo la injini hii ndilo pafu lake. Tena oili ya kulainisha beringi na pistoni haikai chini kama kwenye gari, bali inasafiri pamoja na petroli. DT ilitoka kiwandani na pampu yake ndogo ya oili, ila ya kwangu pampu iliondolewa hata kabla sijainunua, na tangu hapo tumekuwa tukichanganya oili ndani ya tangi. Sasa fikiri. Pafu likitoboka na kuvuta hewa kwa njia ya wizi, hewa hiyo haikupita kwenye kabureta. Haina petroli, na haina oili. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na ulainishaji unapungua, vyote kwa wakati mmoja. Na dalili yake ya kwanza ni kwamba mlio unajiongeza wenyewe, na ukiachia akselereta unakawia kushuka.

Basi, turudi uani. Siku ya kwanza hatukushika spana. Tuliosha. Pikipiki ya Mvomero ina udongo wa Mvomero, na chembe moja ya mchanga ikidondoka ndani ya injini iliyo wazi, kazi yote ni bure. Tulitumia mafuta ya taa, brashi na sabuni ya unga, kisha tukaiacha ikauke. Mke wangu alipotukuta tumetandika shuka la zamani na kupanga makopo ya maziwa kwa ajili ya skrubu, kila kopo limeandikwa mahali zilipotoka, aliuliza kama tunafungua injini au tunafungua duka.

Siku ya pili tukatoa tangi, ekzosti na kabureta. Nati za kichwa cha silinda hulegezwa kwa kupishana, hii kidogo na ile ya upande wa pili kidogo, ili kichwa kisipinde. Silinda ikanyanyuka bila shida, kwa sababu injini iliyokamata kwa joto mara nyingi huachia ikishapoa, na hilo ndilo linalowadanganya watu wengi kwamba imepona. Tukaziba mdomo wa tumbo kwa kitambaa safi, klipu ya pini isije ikaruka ikazama mle. Nawaambia hivyo kwa sababu mwaka 1997 iliniruka mimi, na niliitafuta siku nzima.

Pistoni ni barua, ndugu msikilizaji, na kabla ya kuitupa inafaa uisome. Ikiwa upande wa kuingizia hewa umesagika na kuwa wa kijivu kisichong'aa, kama kwamba umepigwa msasa, injini imekula vumbi, na mwenye kosa ni yule asiyeosha sponji ya chujio na kuipaka oili. Ikiwa kilele chake kimetoboka kama kilichochomwa kwa msumari wa moto, tazama plagi na saa ya kuwasha moto. Ikiwa imekwaruzika upande wa ekzosti, ambako joto ni kubwa kuliko kote, basi ilikosa oili au ilizidiwa na joto. Yetu ilikuwa na mikwaruzo mirefu upande wa ekzosti, na aluminiamu imepakwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate. Pistoni ni ya aluminiamu na ukuta wa silinda ni chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi kwa joto, na nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele. Plagi nayo, ambayo injini ikiwa na afya huwa na rangi ya kahawia kama karanga iliyokaangwa, ilikuwa nyeupe kama chaki.

Mpwa wangu akatoa ile pistoni ya kwanza, ya mwaka 2018, aliyokuwa ameiweka mfukoni mwa begi lake. Tukaziweka pamoja mezani. Mikwaruzo ilikuwa upande ule ule. Ungedhani ni pacha. Tukanyamaza kidogo. Kisha akasema taratibu, "Mjomba, kumbe tulibadilisha maiti, muuaji tukamwacha ndani."

Nikamkumbuka yule mlio unaojiongeza. Lakini kukumbuka si kuthibitisha. Injini ya namna hii hupimwa kwa kuziba matundu yake yote, kuipulizia hewa kidogo, na kuangalia kama hewa inakaa. Hewa yenyewe isiwe ya nguvu, maana ukizidisha utazing'oa sili zilizo nzima. Vifaa vya kazi hiyo huuzwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Mimi nilikwenda kwa jirani yangu muuguzi, nikamwazima kipimo chake cha presha ya damu, kile cha mshale na cha kuminya kwa mkono. Kipimo hicho kinafika 300, na 300 ya presha ya damu ndiyo karibu kabisa na kiasi kinachotakiwa kwa kuipima injini ndogo. Dada wa watu alitaka kujua mgonjwa ni nani. Nilipomwambia ni pikipiki, alicheka mpaka akakaa chini, lakini akatoa, tena akaja mwenyewe kutazama.

Ikabidi niirudishe silinda ile mbovu mahali pake, jambo ambalo lilinikumbusha kwamba kipimo hiki kilitakiwa kufanywa kabla ya kufungua chochote. Mlango wa ekzosti tuliuziba kwa raba ya ndala iliyobanwa kwa kipande cha bati nene. Mlango wa kabureta vivyo hivyo. Kwenye tundu la plagi tukafunga plagi ya zamani tuliyoitoboa katikati na kuichomeka mpira wa kile kipimo. Pistoni tukaishusha chini kabisa, ili silinda na tumbo viwe chumba kimoja. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyeminya. Mshale ukapanda hadi 300, na kabla sijamaliza kuhesabu kumi ukawa umeanguka hadi sifuri. "Huyu," alisema, "ameshafariki."

Tulisikia mlio mdogo wa hewa kutoka upande wa kushoto, nyuma ya magneto. Gurudumu la magneto halitolewi kwa nyundo, hata kama umeona wengi wakifanya hivyo. Nyundo inaipinda krenki. Lina kifaa chake cha kuling'oa, ambacho niliazima kwa fundi mmoja wa mtaani kwa ahadi ya soda. Lilipotoka, tukapaka povu la sabuni kuzunguka krenki na kupuliza tena. Povu likachemka kama uji, pale pale kwenye mdomo wa sili.

Hii sili ni pete ya raba, si kubwa kuliko kizibo cha chupa ya chai. Kazi yake ni kuikumbatia krenki inapotoka nje ya tumbo, ili izunguke bila kupitisha hewa. Yetu ilikuwa ngumu kama kwato. Sidhani iliwahi kubadilishwa tangu pikipiki ilipotengenezwa. Upande wa kulia, penye klachi, kuna nyingine kama hiyo. Hiyo ikiharibika huvuta oili ya giaboksi na pikipiki hutoa moshi mweupe mzito, kwa hiyo mtu huiona mapema. Ya kushoto inavuta hewa tu, na hewa haionekani. Kabla ya kuibadilisha nilishika konrodi na kuivuta juu na chini kwa nguvu, maana beringi za krenki zikiwa zimelegea, sili mpya nayo haidumu. Haikucheza hata kidogo. Sili zote mbili, nilipozinunua Kariakoo, hazikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya pistoni. Pistoni mbili, silinda moja na mtulinga mmoja, kwa ajili ya raba.

Kuhusu silinda, nitasema machache. Mikwaruzo ile haikuweza kufutwa kwa msasa, kwa hiyo tulinunua kwanza pistoni kubwa kidogo, yenye upana wa nusu milimita zaidi ya ile ya kiwandani, kisha tukaipeleka silinda Gerezani kukerezwa ilingane na pistoni hiyo. Mpangilio ndio huo: pistoni kwanza, kukereza baadaye, na fundi aishike pistoni mkononi na kuipima. Wapo wanaokereza kwanza halafu wanatafuta pistoni ya kuenea, kama mtu anayekata mguu kwa kipimo cha kiatu. Nafasi tuliyomwomba atuachie ilikuwa kama sehemu 4 au 5 za mia za milimita. Nilimwomba pia azisage kidogo kingo za yale matundu, kwa sababu ringi mpya ikikutana na kingo kali kama wembe, inanasa na kuvunjika.

Silinda ilipokuja nyumbani ilikuwa inang'aa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kwenye mikwaruzo midogo ya kukereza hubaki unga wa jiwe la kusagia, na petroli haiutoi. Unatolewa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kama sufuria. Mpwa wangu aliiosha kwenye karai kwa mkono wake mmoja, anafuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinakuwa cheusi, anaosha tena. Alifanya hivyo mara sita hadi kitambaa kikabaki cheupe, kisha tukaipaka oili mara moja isishike kutu.

Kufunga kulichukua nusu siku. Mshale ulioko juu ya pistoni uelekee ekzosti. Ringi zina vipini vyake vidogo kwenye mifereji, na ncha za ringi lazima zikutane pale penye kipini, wala si pengine. Klipu za pini ziwe mpya, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Nati za kichwa tulizikaza kwa kupishana, kidogo kidogo. Kisha, kabla ya kufunga ekzosti na kabureta, tukamwita tena muuguzi wetu. Akaminya mpaka 300. Tukakaa tukitazama mshale kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Baada ya dakika sita ulikuwa umeshuka kwa alama chache tu. Akafunga begi lake akasema, "Mruhusuni aende nyumbani."

Ilibaki oili. Tulipiga hesabu ya sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita moja, na iwe oili ya injini za mapigo mawili, si ile ya gari. Kwenye vituo vingi kijana wa pampu hukadiria kwa kifuniko cha chupa. Mpwa wangu akaingia ndani, akarudi na bomba jipya la sindano la kuchanjia ng'ombe, la mililita 20. Mabomba mawili kwa lita. Sijaona kipimo bora zaidi ya hicho. Na msidhani kuzidisha oili ni usalama: oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya kabureta, na ukiizidisha mno unaufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, yaani unairudisha ile homa kwa mlango wa nyuma.

Iliwaka kwa kiki ya nne. Moshi ulijaa uani, mke wangu akaanua nguo huku akilalamika, na ni kweli kabisa, moshi ule ni mbaya. Injini hizi huunguza oili na kuachia sehemu ya petroli itoke nje bila kuungua. Ndiyo maana pikipiki za bodaboda mnazoziona leo ni za mapigo manne, na siwezi kusema waliobadili walikosea. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Niliongeza moto, nikaachia. Mlio ukashuka pale pale, bila kusitasita. Nikarudia mara tatu, si kwa sababu ya kupima, bali kwa raha tu.

Kwa kilomita mia chache za kwanza tuliiendesha polepole, tukiiacha ipoe kila baada ya mwendo mfupi, bila kuikamia na bila kushikilia kasi moja kwa muda mrefu. Na kabla hajarudi Mvomero nilimwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia mwaka 2014 nilipomkabidhi ufunguo. Pikipiki ya oili ya kuchanganya haipendi kuteremshwa mlima mrefu huku akselereta imefungwa kabisa, kwa sababu petroli ikikatwa na oili nayo imekatwa, na injini bado inazunguka kwa kasi. Ongeza moto kidogo kila baada ya muda, hata kama huuhitaji. Na ukisikia mlio umebadilika na injini inakuwa nzito ghafla, usitazame, usifikiri, bana klachi. Gurudumu likiachana na injini, unabaki na pikipiki inayoserereka, na unaweza kuisimamisha. Maneno hayo hayazidi dakika moja. Nilikaa nayo miaka mitano bila kumpa.

Kipimo cha presha kilikwenda Mvomero pamoja naye, kwa siku mbili tu, amwonyeshe yule fundi wa kule. Fundi akakipenda. Nilimnunulia jirani yangu kingine, cha betri, naye kila akinikuta getini hunikumbusha kwamba cha mshale kilikuwa kizuri zaidi.

Baadaye mwaka ule nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, akanipakia nyuma, akanipeleka kuona mnada wa ng'ombe. Tulipita mlima ule ule. Hakuniambia ndio wenyewe, lakini nilijua tulipofika juu, kwa sababu aliacha kuzungumza. Tulipoanza kuteremka nilichungulia mbele kwa juu ya bega lake, lile lililounga. Mkono wa kulia ulikuwa unaongeza moto kidogo, unaachia, unaongeza tena. Wa kushoto ulikuwa na vidole viwili juu ya klachi, na havikuondoka hapo mpaka tulipofika darajani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.